Kuhusu Sofa Ambazo Ofisi Yako Inasema ni Zangu

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Misaada ya Masomo,

Yah: Rufaa ya msaada wa binti yangu, pamoja na ombi dogo la muhuri

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaohangaika na mafaili huko ofisini. Sisi huku hatujambo, na kwa mujibu wa ripoti yenu tuna hali nzuri kuliko tulivyokuwa tukidhani.

Mimi ni fundi cherehani. Binti yangu wa kwanza, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari tangu akiwa na miaka tisa, amechaguliwa kusomea utabibu chuoni kwenu. Tuliomba msaada wa ada. Jumatatu tumepata jibu: mmekubali kumlipia kitambulisho na kadi ya maktaba. Ada yote tuilipe wenyewe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Nashukuru sana. Sasa atatambulika rasmi kuwa ni mwanafunzi, kilichobaki ni kusoma tu. Hata hivyo nina malalamiko machache, nayo ni haya:

1. Ripoti ya afisa wenu wa ukaguzi inasema nyumbani kwangu kuna sofa za ngozi, friji la milango miwili na televisheni kubwa. Ni kweli vilikuwepo. Viliingia saa moja asubuhi kwa mkokoteni kutoka kwa jirani yetu muuza spea, na vilirudi kwake saa nane mchana, dakika kumi baada ya afisa kuaga. Ninyi wenyewe ndio mliotuma ujumbe kwamba mgeni anakuja Jumamosi. Ulitaka nimkalishe wapi mtu mzima na faili lake, juu ya ndoo? Chumba chetu cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia na viti viwili, na kimoja hakisimami bila ukuta. Mimi nimelelewa, Mheshimiwa.

2. Ripoti inasema familia inavaa vizuri. Suti aliyovaa mume wangu ni ya bwana harusi mmoja ambaye alikuwa aje kuichukua Jumapili. Gauni langu la kijani ni la mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na lilikuwa bado na pini mbili ubavuni, ndiyo maana sikuketi. Wadogo zake Daktari walivaa sare za kwaya. Siku ile nyumba nzima hapakuwa na nguo ya mwenye nyumba isipokuwa soksi. Afisa ameandika kwamba nilisimama muda wote "kwa kujiamini".

3. Kuhusu soda. Afisa alikunywa mbili, akamaliza na pakiti ya biskuti, nami sikumhesabia. Nimekuja kuzikuta soda zile ukurasa wa pili, chini ya "uwezo wa kaya", na neno "baridi" limepigiwa mstari. Kwa nilivyoelewa, angekunywa maji ya vuguvugu binti yangu angepata walau nusu ya ada.

4. Ameandika tena kwamba tunaonekana tuna furaha. Mume wangu akiwa na wasiwasi hucheka. Alicheka kuanzia salamu mpaka mlangoni, huku vifungo vya suti ya watu vikitaka kumtoka. Hatukujua kwamba kicheko nacho kinakatwa kwenye msaada.

5. Nimekaa nikafikiri, nikaona siwezi kubishana na ofisi ya watu waliosoma. Mkisema sofa ni zangu, basi ni zangu. Kwa hiyo naomba ofisi yako inipe barua yenye muhuri, ikithibitisha kwamba namiliki sofa, friji, televisheni, suti moja na gauni moja, ili niviuze nilipe ada kabla ya Ijumaa. Nakala apelekewe jirani, maana yeye mpaka leo anaamini sofa ni zake na anazikalia kila jioni. Bwana harusi naye aandikiwe haraka, kwa sababu ameshaoa ndani ya suti yangu.

6. Kama muhuri ni kazi kubwa, basi mfuateni jirani mwenyewe. Kwa kuwa vitu vyake vyote mmeviandika kwangu, yeye kwenu ni maskini wa kutupwa. Apewe yeye msaada kamili. Ana miaka sitini na moja, ni mpole, na yuko tayari kwenda darasani kila siku na kumletea Daktari madaftari jioni.

Mheshimiwa, nakuandikia hivi kwa sababu nikiandika vingine nitalia juu ya kitambaa cha mteja. Barua ya chuo Daktari ameikunja akaiweka ndani ya kopo la vifungo, kisha akaketi mezani kunisaidia kazi. Anashona vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimfundisha sindano iwe akiba yake, sikumfundisha ili aishie hapa na mimi. Naomba mumtume afisa tena, aje aione nyumba yetu ilivyo, aandike anachokiona.

Nisalimie makarani wote, na mlinzi wa getini aliyenipisha kiti chake siku niliyokuja kuulizia. Afisa naye msalimie, sina kinyongo naye.

Ni mimi ninayesubiri jibu,
Mama Daktari, fundi wa mlango wa bluu

Nyongeza: Afisa akija, tafadhali atuarifu siku mbili kabla. Jirani amekubali kutupa tena sofa zilezile, na safari hii anaongeza zulia na meza ya chakula ya watu wanane. Mwambie pia nililiona pindo la suruali yake limefumuka mguu wa kushoto. Aje na nyingine ya kubadili, nitamshonea bure huku akinywa soda. Daktari ameisoma nyongeza hii, ameshika kichwa, ananiomba niikate. Nimemtuma kwa jirani akapime kama ile meza itapita mlangoni.