Kamba ya Mbuzi wa Mama Mkwe

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa duka la mtandaoni "Mpaka Mlangoni"

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa heshima na kwa mkono, kwa sababu karatasi haina kitufe cha "Ninakubali".

Mjukuu wangu Adrien anamwoa Joëlle, binti wa Mama Germaine wa mtaa wa Golf. Kwetu watu wa Kasai mahari yote inaweza kusubiri, isipokuwa mbuzi wa mama: yule mbuzi jike anayepewa mama aliyembeba bibi arusi tumboni. Asipofika, binti hatoki. Zamani, kule Kambove nilikozaliwa, kaka yangu ndiye angemchagua, kwa kumpapasa mbavu. Lakini miaka ile Wakasai tulifukuzwa Kambove, ndugu wakatawanyika, na mzee asiye na kaka wa kupapasa mbavu huishia kuiamini simu. Mke wangu Christiane alisema twende kwa wachuuzi wa mbuzi wa Kasomeno. Nikamwonyesha picha yenu: mbuzi mnene, utepe mwekundu shingoni, na chini yake maneno "Bei ni moja, hakuna kingine." Nikalipa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha. Mbuzi wa pichani alikuwa mama wa familia. Aliyeletwa alikuwa bado anamtafuta mama yake. Utepe tu ndio uliolingana na picha. Mama Germaine alimzunguka polepole, akauliza mbele ya ukoo mzima: "Hii njo mbuzi ya mama, ao mbuzi ya mutoto?"

2. Kamba. Dereva wenu wa pikipiki, Bwana Guelor, alisimama getini kwa wakwe amemkumbatia mbuzi. Alingoja mpaka wazee wote wakakaa, ndipo akapaza sauti: "Papa, kamba haiko ndani ya bei!" Nikamwambia aichukue kamba yake. Akanieleza, kwa upole, kwamba kuifungua nako kuna malipo.

3. Mlango. Duka lenu linaitwa Mpaka Mlangoni. Kumbe geti si mlango, na kutoka geti hadi mlango ni huduma nyingine. Ikafuata ada ya usafi, kwa sababu ya yaliyolipata koti la Guelor njiani. Kisha ada ya utulivu, kwa kuwa mbuzi hakulia safari nzima. Nauliza tu: angelia, ningepunguziwa?

4. Faini. Wakwe walisema kubishania kamba getini kwao ni kuwatukana. Wakatutoza. Faini hiyo nayo ni mtoto wa kamba yenu.

5. Hapa ndipo penye hoja yangu. Kwa mahari ya Joëlle, ninyi mmekula kuliko baba yake mzazi. Na kwa desturi yetu, anayekula mahari hubeba ndoa. Kwa hiyo ninyi sasa ni wakwe zetu, na tunawapokea kwa moyo mmoja. Tukifiwa, Bwana Mkurugenzi utakuja kulala matanga pamoja nasi, nje, kwenye viti vya plastiki. Joëlle akikasirika na kurudi kwao, atarudi ofisini kwenu. Mtampa kitanda na sahani ya bukari mpaka tuje kumwomba msamaha. Watoto watakuja kwenu likizo zote. Wa kwanza atapewa jina lako, ukitujulisha, maana kwenye tovuti yenu kuna majina ya ada tu, hakuna jina la mtu.

Kama hamuutaki ukwe huu, rudisheni mahari: kamba, mlango, na ule ukimya wa mbuzi.

Wasalimie nyumbani, wasalimie wafanyakazi wote, na mbuzi wa pichani pia, kama aliwahi kuishi.

Mkweo mwenye subira,
Mzee Anselme Mukendi

Baada ya kutia sahihi: Jumamosi hii zamu ni yetu. Familia ya kijana mmoja wa Likasi inakuja kumchumbia mjukuu wangu Estelle. Nimekwisha kuandaa ada ya kufunguliwa geti, ada ya mimi kufungua kinywa, na ada ya viatu vya mjomba aliyeko Mwene-Ditu, ambaye hatakuja. Ila sauti yangu imezeeka, na uso wangu bado unaona haya. Tafadhali niazimeni Guelor kwa siku hiyo. Aje na ile kamba, na asiitaje mpaka wageni wawe wamekaa.