Babu Zangu Wafumi, Kama Nilivyoandika

Jumapili, 3 Agosti. Ibra.

Sijamwambia mtu. Mwenyezi Mungu anajua, lakini Yeye sikumwambia, aliniona.

Nimeandika uongo kwenye maombi ya karakana ya ufumaji ya Nizwa. Waliuliza: ufundi huu umo katika ukoo wako? Nikajibu: ndiyo, babu zetu walikuwa wafumi wa hariri, vizazi kwa vizazi. Sikukusudia. Nilitaka kuandika kwamba Bibi Kuruthum, mama yake Baba, alishona kofia za viua huko Zanzibar, kabla hawajavuka bahari kuja huku, mpaka macho yakachoka. Lakini Raghad, binti wa Ami Mahrous, naye ameomba, na keshamwandika Bibi kabla yangu. Bibi ni mmoja. Hawezi kutumika mara mbili.

Leo Bi Dalal, mkuu wa karakana, kapiga simu. Sikupokea. Mimi sipokei simu. Kaacha ujumbe wa sauti. Kafurahi mno, hajapata kusikia nyumba ya wafumi wa hariri Ibra. Alhamisi nije na ushahidi: karatasi za msikiti, hati za kadhi, chochote.

Nikikosa nafasi, Baba keshaniwekea kiti kwenye duka la viyoyozi la Ami Mahrous. Kazi yenyewe ni kupokea simu. Kutwa.

Kwa hiyo nimeamua. Nina mpaka Alhamisi kuufanya uongo huu uwe kweli. Na huenda si uongo. Nani anajua babu zetu walifanya nini? Hakuna aliyewauliza.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi: kumchunguza Bibi bila yeye kujua. Nimemkuta jikoni akitoa kokwa za tende. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kusaidia, kisha nikasema hariri ni kitu kizuri. Akasema ndiyo, kizuri. Nikasema lazima kuna mtu anaifuma. Mkono wake ukasimama.

"Kidawa, mwanangu. Sisi tumeivaa. Walioifuma ni wengine."

Kisha akaeleza kwa urefu. Kwamba zamani mwenye mitende hakumwoza binti yake kwa mfumi. Kwamba huo ulikuwa upumbavu mtupu. Na kwamba hata hivyo sisi hatukuwa wafumi.

Jioni: Mwalimu Zakariya. Ni mwalimu mstaafu anayetunza karatasi za wakfu za msikiti wa mtaa wa zamani. Mama alinipeleka, akabaki uani na mke wa Mwalimu. Nikakaa mbele ya Mwalimu, sauti ikagoma. Nikamwandikia ujumbe wa WhatsApp. Simu yake ikalia mezani baina yetu. Akavaa miwani, akasoma, akanijibu kwa mdomo kana kwamba ndivyo watu wanavyozungumza. Karatasi zipo, kasema. Soma taratibu, mwandishi wa zamani alikuwa bahili wa nukta za herufi.

Bahili kweli. Saa nzima nimedhani nasoma habari za mbuzi.

Lakini nimepata! Sokoni kulikuwa na duka la wakfu, kodi yake ikinunua mafuta ya taa za msikiti. Na aliyepanga: Said bin Thabit, mfumi wa hariri, mtu wa Sur, mji wa pwani. Babu yetu, marehemu mume wa Bibi, alikuwa Thabit bin Said bin Thabit. Nimemwandikia Mwalimu kwamba nalia. Akanisukumia boksi la karatasi za kujifutia.

Jumanne, 5 Agosti

Siku njema mpaka alasiri.

Mwalimu kanionyesha hati ya uanagenzi. Thabit bin Said anamtia mwanawe Said kwa fundi. Fundi atamlisha, baba atamvisha, asitumwe sokoni saa za kazi, na muda wote akaapo kwenye kitanda cha kufumia cha fundi huhesabiwa mtoto wa nyumba hiyo. Nimeinakili yote. Ndani yake naona mtoto ambaye hakuna anayemtuma kuongea na wauza duka. Nimemwonea wivu.

Nyumbani nikachora mti wa ukoo kwenye karatasi ya kufungia zawadi, upande mweupe. Said bin Thabit shinani. Nikaubandika ukutani.

Alasiri kaja Raghad. Yeye huingia chumbani bila hodi. Kausoma mti akitafuna halwa. Akauliza huyu Said wangu alitiwa kwa fundi mwaka gani wa Hijra. Nikamwambia 1268. Na kwenye ile karatasi ya duka yumo mpaka lini? Nikamwambia 1391.

"Mashallah. Miaka mia na ishirini anafuma. Macho alikuwa anaazima kwa nani?"

Akaendelea kueleza, polepole, kama anayemwonyesha mtoto kufunga viatu. Kila mtu hapa humpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake. Said humzaa Thabit, Thabit humzaa Said, kama ngamia wa kinu cha mafuta, anazunguka tu. Mtu wangu mmoja ni watu wanne au watano. Na hakuna hata mmoja anayejulikana ni wa nani, maana kila nyumba ya mkoa wetu wa Sharqiyah ina Said na Thabit.

Baba yangu anaitwa Said. Kaka yangu anaitwa Thabit. Haya yote nilikuwa nayajua.

Raghad kasema dukani kwao kiti changu kinazunguka, nitakipenda. Amekula halwa yote.

Sikati tamaa. Mwalimu anasema yupo mfumi Sur, mzee sana, wa ukoo wa watu wa karatasi zile. Atajua kama wetu ni wao. Jina lake Thabit bin Said. Bila shaka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Baba natamani bahari. Kasema tangu mdogo naichukia bahari. Nimesema watu hubadilika. Amefurahi hata akazima redio. Njia nzima mpaka Sur amenisimulia habari za samaki, nami nikaona haya.

Tulipofika nikasema nataka kutembea kidogo peke yangu. Baba kalala garini, kiyoyozi kikivuma.

Mzee Thabit nilimkuta chumba cha uani. Kitanda cha mfumi hakiko juu, kimechimbiwa. Yeye kakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, mikono kwenye nyuzi za mtande, nyekundu na za dhahabu. Kiswahili hajui ila "karafuu". Mimi Kiarabu ninacho, sauti ndiyo sina. Nikampa nakala za karatasi na mti wangu. Akasoma, akanitazama, akauliza mimi binti wa nani. Kasema wanawe wawili wako kwenye kiwanda cha gesi, hakuna anayetaka kukaa shimoni, wanasema wanaumwa magoti.

Nilikuwa nimejiandalia swali zuri. Badala yake nikasema, "Kesho, Nizwa, karakana," nikakimbia. Nilikusudia kumuaga.

Baba kanunua jodari. Kauliza kama nimeshiba bahari.

Alhamisi, 7 Agosti. Nizwa.

Baba katupeleka mimi na Raghad. Raghad kaongea kutoka Ibra mpaka kwenye maegesho ya soko.

Bi Dalal ni mpole, ndiyo balaa. Angekuwa mkali ningetoroka. Kaukunjua mti wangu mezani, kando ya nakala za hati, mbele ya wasichana wengine na mama zao. Kidole chake kimeshuka matawini, kikasimama, kikarudi juu. Nilijua kimefika kwa Said wa 1268. Akaniuliza kwa upole kama nina mtu wa kunishuhudia.

Mlango ukafunguka. Mzee Thabit, kilemba kipya, fimbo mkononi. Kapanda teksi kutoka Sur! Kumbe alidhani nimemwalika.

Hakunisalimia. Kasema kwanza tuwaone wasichana kwenye kitanda. Raghad kakaa yeye kwanza. Vidole vyake vizuri, siwezi kusema uongo (hapa). Lakini alikuwa akimsimulia mzee kofia za Bibi, na kila neno moja uzi mmoja ulikatika.

Kisha mimi. Nimeingiza miguu shimoni. Sijui nielezeje. Ukikaa pale kichwa chako kiko chini ya macho ya watu. Wanatazamana wao kwa wao, juu yako. Hakuna anayekuuliza kitu. Nyuzi zangu mbili zilikatika, nikaziunga, nikaendelea. Niliposhtuka chai ilikuwa imeshanywewa.

Bi Dalal kamuuliza mzee: huyu ni wenu?

Mzee katazama mti wangu. Katazama shimoni. "Ni wetu," kasema.

Raghad kapata nafasi Nizwa. Mimi nimepewa nafasi ya Sur, kwa Mzee Thabit mwenyewe, miezi mitatu.

Kwenye maegesho, Baba akiwa mbali, mzee kaniambia kwamba anajua fika mimi si wao. Watu wake hawakwenda Zanzibar hata mmoja. Babu yake alitapika akiona maji kwenye ndoo. "Lakini umeisoma hati. Anayekaa kwenye kitanda chetu ni mtoto wa nyumba yetu. Umekaa, hukukaa?"

Nimekaa.

Basi kweli hushinda. Nimeapa kutosema uongo tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa Baba kasema hapana. Binti hawezi kulala Sur nyumba ya watu baki, hata mfumi awe na ndevu mpaka magotini. Kiti cha viyoyozi kipo. Tungekuwa na ndugu upande ule, hapo sawa.

Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu. Nikasema tunao. Yuko Ras al Hadd, si mbali na Sur. Binti wa ami yake Bibi. Mjane. Ana chumba kitupu. Anaitwa Ghaniya.

Baba akamgeukia Bibi: Mama, tuna Ghaniya Ras al Hadd?

Bibi yangu hajapata kukiri hata siku moja kwamba kuna jamaa asiyemjua. Akaweka kikombe chini. "Ghaniya? Nimsahau Ghaniya? Mwenye mguu mbaya. Kanga yangu ya harusi anayo mpaka leo." Kisha akasema Jumapili ya tarehe 17 tutakwenda sote kumsalimia, na ale kiapo kabisa kuhusu ile kanga.

Baba kakubali.

Kwa hiyo nina wiki. Natafuta mjane mzee Ras al Hadd, mpole, mwenye chumba, ikiwezekana anachechemea. Mwalimu Zakariya anasema msikiti wa kule nao una karatasi za wakfu. Nimeshaanza mti, na safari hii miaka naiandika pembeni.

Shajara yangu, ya wafumi yamekwisha, lakini hili la Ghaniya tunalijua mimi na wewe tu. Tafadhali, hata Raghad akikufungua, usiseme. Na Bibi akikuuliza, kanga ilikuwa nyekundu.