Barua Tatu Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 9 Machi

Nimeamua. Naacha upasuaji. Nahamia Ngozi.

Sababu zangu ni nzito na za kitaalamu. Leo nimesimama saa sita mfululizo nikishika chuma cha kupanulia jeraha, kazi ambayo msumari uliopigiliwa vizuri ungeifanya, tena bila kuambiwa usikohoe. Profesa alipofungua tumbo la mgonjwa, mimi nikaona nyota. Mara ya tatu mwezi huu. Nilipotoka nikapita mbele ya kliniki ya Ngozi. Saa tisa alasiri. Daktari anafunga mlango, anakwenda zake nyumbani, ametulia, ameshiba. Hakuna aliyewahi kumwamsha daktari wa ngozi kwa sababu ya chunusi. Nikasimama pale koridoni nikajiuliza siku zote nilikuwa wapi.

Tatizo moja dogo. Maombi ya mafunzo ya ubingwa yanafungwa Ijumaa hii saa kumi jioni, na mimi mwaka mzima nimemwambia kila mwenye masikio kwamba nilizaliwa niwe daktari wa upasuaji. Barua zangu zote za mapendekezo zinasema hivyo hivyo. Kwa Ngozi natakiwa nipeleke tatu mpya: ya bosi wangu, ya mtu niliyefanya naye kazi, na ya bingwa wa ngozi. Bosi wangu ni Profesa wa upasuaji. Bingwa wa ngozi hanijui hata kwa sura.

Nikikosa, nakaa mwaka mzima bila nafasi popote, nikilala sebuleni kwa mama pembeni ya cherehani yake. Mama ameshawatangazia wateja wake wote kwamba yeye anashona nguo, mwanawe anashona watu. Kuhusu Ngozi sijamwambia.

Mwenzangu wa chumba, tunayemwita Pasi kwa sababu hunyoosha hata soksi, anaomba Ngozi pia. Alianza kujiandaa miaka mitatu iliyopita. Ana barua nne. Zinatakiwa tatu. Mtu wa namna hii si wa kuaminiwa.

Jumanne, 10 Machi

Nimemvizia Profesa akinawa mikono kabla ya kuingia thieta, chumba cha upasuaji, maana akinawa hawezi kukimbia. Nikamwomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya maombi ya ubingwa. Sikutaja ubingwa wa nini. Hakuuliza, kwake yeye kuna ubingwa mmoja tu, mwingine wote ni likizo. Akasema hana muda, niandike mwenyewe nimletee asaini.

Niandike mwenyewe! Kumbe watu wanasoma kwa bidii bure.

Aya ya kwanza niliandika kwa haya. Ya pili haya ikaniisha. Nimeandika hivi: "Katika miaka thelathini ya kazi yangu sijapata kuona kijana wa aina hii. Hachoki. Haombi kukaa. Mkono wake hautetemeki. Tawi lolote la udaktari litakalompata, limepata." Hilo "tawi lolote" ndio ujanja wenyewe. Nikairudia kuisoma. Machozi yakanilengalenga. Kama nisingekuwa mimi, huyu kijana ningemwonea wivu sana.

Kisha nikaenda kwa Sista wa wodi. Huyu ana miaka ishirini na sita wodini, na sote anatuita wanangu, hata Profesa siku akikosea. Nikamwambia asijisumbue, nitamwandikia, yeye asaini tu. Akaniangalia. Akasema mkono anao, tena alianza kuutumia mimi sijui hata penseli inashikwa upande gani. Ataandika mwenyewe akipata nafasi. Akaongeza kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya bingwa wa ngozi. Ndiye mkuu wa idara na ndiye anayechagua. Jina lake la utani ni Miwani, kwa kuwa hamtazami mtu kupitia miwani yake, humtazama kwa juu yake. Mpango wangu ulikuwa rahisi: niende kliniki kama mgonjwa, nieleze ugonjwa wangu mwenyewe kwa ufasaha mbele yake, ashangae, anipende, aandike.

Jana jioni nikajifunga mkononi kitambaa chenye maji na sabuni ya unga. Nilitaka wekundu kidogo, wa heshima. Nimeamka mkono umevimba kama mkate, vipele mpaka kiwikoni, na jicho la kushoto halifunguki vizuri. Nadhani nililigusa.

Nimekaa foleni tangu saa mbili. Nilipofika mbele, Miwani akanipandisha kitandani, akawaita wanafunzi tisa. Nikaanza kueleza kwamba huu ni ukurutu wa kurithi, wa upande wa baba. Akaniomba ninyamaze. Akamwita Pasi. Pasi yuko pale kila Jumatano, utadhani ni samani ya idara. Akainama, akaunusa mkono wangu. Akasema ni sabuni ya kufulia, akataja mpaka rangi ya pakiti, kwa sababu ni ya kwake na asubuhi ameikuta imepungua. Wanafunzi wakaandika.

Ikabidi niseme ukweli, kwamba mimi ni daktari hapa hapa, nataka kuhamia Ngozi, na ninaomba barua. Miwani akasema hawezi kumpendekeza mtu anayemjua kwa mkono mmoja tu. Ila ana nafasi mbili, na moja bado iko wazi. Nimletee barua mbili za watu wanaonijua, Ijumaa kabla ya saa kumi. Akizisoma akaridhika, ya tatu ataandika mwenyewe. Akaniandikia na dawa ya kupaka.

Kwa jumla siku imekwenda vizuri.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa. Profesa amesoma barua.

Mtu huyu hajawahi kusoma kitu anachosaini. Mwaka jana alisaini orodha ya mashuka yaliyopotea akidhani ni cheti cha mtu. Lakini leo maji yamekatika thieta, akakaa ofisini saa mbili hana la kufanya, akaisoma mwanzo mpaka mwisho. Akaniita. Macho mekundu. Akasema hakujua kwamba idarani kwake kuna mtu kama huyu, na anajilaumu. Akasaini. Halafu chini ya saini, kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza: "Huyu simwachii mtu."

Hayakuishia hapo. Kwa kuwa sichoki wala siombi kukaa, kesho nimepangiwa ile operesheni ndefu kuliko zote. Wenzangu watatu wameondolewa ili wasinizuie. Nimekaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe.

Lakini mtu mzima halii. Nimeifunika ile sentensi ya Profesa kwa kipande cha karatasi, nikatoa kopi. Haionekani kabisa, ukiacha kile kivuli. Halafu, kwa usalama, nikachapa barua ile ile neno kwa neno, nikabadilisha jina la chini, nikaipeleka kwa Daktari wa Usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Mtu mpole. Hawezi kumnyima mtu kitu. Amesaini huku anasimamia dripu, akanitakia kila la heri.

Barua mbili tayari. Sista hajaleta yake na sikumkumbusha. Mtu anayeandika kwa mkono, polepole, siku tatu, hawezi kuwa na mengi mazuri ya kusema.

Ijumaa, 13 Machi

Thieta saa mbili asubuhi. Saa saba nikaona nyota. Saa nane kasorobo nikawa sakafuni. Sikuzirai. Nilikaa ghafla. Profesa akasema, bila kugeuka, kwamba barua yangu inasema siombi kukaa. Nikamjibu kwamba sikuomba.

Sista akanitoa, akanikalisha kwenye chumba cha mashuka, akanipa chai yenye sukari nyingi. Akanipa na bahasha, haikufungwa. Akasema niisome nikipenda, yeye hana la kumficha mtu.

Naiandika hapa ili siku moja wajukuu zangu wajue nilivyotendewa:

"Nimefanya naye kazi miezi kumi. Huchelewa. Hapendi kusimama, na akiona damu nyingi hubadilika rangi. Ni hodari wa maneno. Lakini tulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyeungua mgongo. Kila tukitaka kumbadilisha bandeji alilia mpaka wodi nzima ikakosa raha. Kijana huyu akawa anakuja saa nzima kabla ya zamu yake, anakaa naye sakafuni, anamfungua bandeji kidogo kidogo, na mtoto naye anamfunga yeye bandeji mkononi. Siku ishirini na tatu. Hakutumwa. Hakumwambia mtu. Ngozi ile imepona vizuri. Mpeni kazi ya kukaa chini na watu, ataiweza."

Huchelewa! Katika sentensi ya pili tu. Baada ya yote niliyomfanyia Sista huyu, ingawa kwa sasa hayanijii.

Yule mtoto alikuwa anapenda kufunga fundo mara mbili, halafu ananiuliza kama inauma. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa anatuona. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, sijui kwa nini. Kisha nikatazama saa, ni saa tisa na nusu. Nikaitia ile barua mfukoni nikakimbilia Ngozi na zile mbili zenye hadhi.

Miwani akasoma ya Profesa. Akasoma ya Daktari wa Usingizi. Akaziweka sambamba mezani. Akaniuliza Daktari wa Usingizi ana umri gani. Nikasema thelathini na tatu, bado kijana kabisa, nikidhani anataka kumsifu. Akasema basi aliajiriwa akiwa na miaka mitatu, maana hapa amesaini kwamba ana miaka thelathini kazini. Akachukua kopi ya Profesa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kile kivuli kwa muda mrefu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Hakunifukuza. Alivua miwani, jambo ambalo Pasi anasema hajawahi kuliona. Akasema kila mwaka anapokea barua za malaika arobaini, halafu wanaoripoti kazini ni binadamu. Anataka karatasi moja tu, ya mtu aliyeniona nikifanya kazi, yenye ubaya wangu na uzuri wangu. Fomu ameipokea, hiyo barua ataisubiri mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Ikifika, nafasi ni yangu. Isipofika, anampa mwingine, na mimi tuonane mwakani.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya bahasha ya Sista. Nikaivuta mpaka nusu. Nikalikumbuka lile neno, "Huchelewa". Nikairudisha, nikamwambia Jumatatu ataipata.

Jumapili, 15 Machi

Nimelala, nimekula, akili imetulia. Barua ya Sista kimsingi ni nzuri, ila imeandikwa na mtu asiyejua barua zinaandikwaje. Inahitaji mkono wa fundi.

Pasi aliikuta mezani, akaisoma akiwa amesimama. Kisha akasema niipeleke kama ilivyo, nisiguse hata nukta. Akasema yeye katika barua zake nne hana ya namna hii. Nikamshukuru, nikaazima kompyuta yake. Washindani wengine hukuangusha kwa upole.

Nimefanya kazi tangu saa tatu asubuhi. "Huchelewa" nimeitoa, nimeweka "Huzingatia muda". "Hubadilika rangi" sasa ni "hutulia". "Hodari wa maneno" nimeiacha, ni kweli. Mwanzoni nimeongeza "Katika miaka ishirini na sita ya kazi yangu", na safari hii nimehakikisha hesabu, kwa sababu mtu hujifunza kutokana na makosa yake. Kesho saa mbili nampelekea Sista asaini, saa tatu niko mlangoni kwa Miwani.

Ilikuwa imefika ukurasa mmoja na robo, naye alisema karatasi moja. Nikatafuta cha kupunguza. Sifa zote zilikuwa za lazima. Ile habari ya mtoto ilikuwa inakula mistari saba, na ndani yake hakuna cheo wala tuzo. Nimeifuta. Sasa imeenea barabara.