Kiplangat Akamata Kompyuta ya Tano

Kiplangat alipoziona kompyuta nane kupitia kioo cha saiba ya Champa, duka la intaneti karibu na soko la Nakuru, alimshukuru Mungu kwa unyenyekevu. Mnunuzi wa Naivasha alitaka kompyuta tano kabla ya jioni, na hakuwa mtu wa kuelezwa hadithi. Nne zilikuwa tayari kwenye pikapu nje. Akanyoosha tai, akaingia na laptopu yake na kitabu cha fomu.

"Sasa, madam. Mimi ni mkaguzi wa programu. Kompyuta yenye programu ya wizi naibeba."

Katika saiba nne za asubuhi hiyo, maneno hayo yalikuwa yametosha. Mwaka huo wa 2007, nani mjini alikuwa amenunua programu? Wenyewe walimsaidia hata kubeba.

Champa hakuinuka. "Zangu ni programu huria, boss. Leseni inaruhusu kila mtu kuitumia, kuifungua aone ndani, kuibadilisha, na kumgawia jirani."

"Kumgawia jirani ndio wizi wenyewe."

"Basi mwambie aliyeiandika. Amenikubalia kwa maandishi."

Kiplangat aliisoma leseni kwenye skrini mara mbili akitafuta kosa. Hakuwa amewahi kukutana na mali isiyoibika, na ilimuuma kama dharau.

"Ngoja nikuonyeshe sheria," alisema, akaifungua laptopu yake juu ya kaunta.

Sheria haikutokea. Ilitokea ilani: huenda programu ya kompyuta hii si halali.

Mzee Omolo, aliyekuwa akichapa barua ya kanisa, alisogea akaisoma kwa sauti, polepole, kama somo la Jumapili.

"Mkaguzi," akauliza Champa, "hii unaibeba ama tukubebee?"

"Hii ni ya ofisi."

"Sheria haibagui, kijana," alisema Omolo. "Jaza fomu. Kama huna kalamu, polisi wako hapo ng'ambo ya barabara, wanazo."

Kiplangat akajaza, akatia sahihi, akajikamata.

"Na hizo naona kwa pikapu?" aliendelea Champa. "Lete. Nitaziondolea virusi, niziwekee programu huria, niwarudishie wenyewe, majina yao yamo kwenye fomu zako."

Alizibeba moja moja, tai begani, wateja wakimshikia mlango.

"Laptopu yangu nitaipata lini?"

Champa aligeuza fomu. "Imeandikwa huku nyuma. Baada ya siku tisini, ofisini kwenu, ghorofa ya sita, jengo la hapo mbele. Si wewe unafanya kazi hapo?"

Kiplangat alilitazama jengo lile dirishani. Lilikuwa na ghorofa mbili, na ya juu ilikuwa ya kinyozi.