Brashi ya Nyegere

Jumatatu, 3 Machi 2025

Calvince, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, amenichukulia Mzee Oduor. Mzee Oduor! Mteja wangu wa mwisho mwenye ndevu za maana. Amevuka barabara mchana kweupe, akipita mlangoni pangu anajifanya anatazama mawingu.

Kwa Calvince kuna taa za rangi, kiti kinachotetemeka na msichana wa kukanda mabega. Kwangu kuna mimi.

Nasike, mke wangu, amesema kiti changu kisipopata watu kufikia Jumapili, chumba kinakuwa cha chipsi. Ameshapima mahali pa karai. Alipima kwa mikono, mbele yangu, akiimba.

Jioni nikaona video kwenye simu. Mzee wa Kizungu amelazwa kitini, taulo la moto usoni. Kinyozi anakoroga sabuni kwenye bakuli kwa brashi hadi povu linasimama lenyewe kama mapambo ya keki ya harusi. Anampaka. Halafu wembe wa kukunja, polepole, krr, krr. Mzee anatabasamu kama mtoto aliyeshiba. Hakuna mashine. Hakuna stima. Na bila stima, Calvince ni nani? Mtu mwenye kiti!

Nimeamua. Mtaa wetu wa Nyamasaria utanyolewa kwa heshima.

Jumanne, 4 Machi

Soko la Kibuye asubuhi. Nimefukua rundo la vifuniko vya birika na sidiria za mitumba mpaka mgongo ukalia. Nikaipata. Brashi nene, mpini mweupe kama mfupa. Mama Awuor, mwenye rundo, akasema ni ya kupaka mayai kwenye mikate. Nikamwambia ni ya kunyolea. Akasema ndiyo, hata yeye alitaka kusema hivyo.

Sabuni yenyewe nimeipata kwa duka la Wahindi mjini. Ya duara, ndani ya kikopo cha mbao, inanukia msandali. Wembe wa kukunja ninao tangu nilipotoka kwetu Port Victoria. Nimenunua nyembe mpya za kuvunja nusu nusu na kuweka ndani, kila mteja na yake. Mimi ni tapeli labda, lakini si mchafu.

Nimefanya majaribio usoni mwangu. Povu la kwanza lilikuwa maji matupu. La pili lilikauka kama chokaa. La tatu... aisee! Nilitaka kulala ndani yake.

Nasike aliniona na povu hadi masikioni. Akaenda kupima karai tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimemvuta Mzee Oduor kwa mkono alipokuwa akivuka. Bure, nikamwambia, jaribu tu.

Taulo kutoka kwenye maji ya moto. Brashi imelowekwa ikalainika. Nikamzungushia povu mashavuni mpaka kila unywele ukasimama. Wembe nikaupitisha kule ndevu zinakoelekea, si kinyume. Mwisho maji baridi na jiwe la shabu la kutuliza mikwaruzo. Mzee akakoroma! Alipoamka akajishika shavu, akajishika tena. Akasema hajashikwa hivi tangu mama yake afariki.

Hapo ningenyamaza. Ningekuwa tajiri wa heshima. Lakini akauliza brashi ni ya manyoya ya nini, na mdomo wangu ukajifungua wenyewe.

Nikasema, ya nyegere.

Akauliza, yule mnyama anayepigana na simba?

Nikasema, huyohuyo. Nguvu zake zinapitia kwenye ngozi.

Mzee Oduor akatoka kifua mbele. Kabla ya saa kumi nilikuwa na foleni. Foleni! Mmoja alinong'ona akitaka kujua nguvu hizo zinafika mpaka wapi. Nikamwambia aulize mkewe kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Mkewe amemleta mwenyewe. Amesema arudiwe.

Leo nimempata mtu mkubwa. Mzee Ooko, mzee wa kanisa la Wasabato, ambaye akikohoa barazani watu huinama. Alisema anataka sauti yake ipate uzito zaidi kwenye kamati. Lakini kwanza akaniuliza kama nyegere ni najisi. Nikamwambia Maandiko hayamtaji kwa jina. Akasema ni kweli, nguruwe ndiye aliyetajwa. Akaahidi kurudi kesho, kabla Sabato haijaingia, na wazee wenzake.

Halafu, muujiza. Calvince mwenyewe amekuja! Kavua kofia, mpole kama muumini mpya. Akasema nimemshinda, anaomba kunyolewa. Nilimnyoa kwa upole wa mfalme. Katikati ya povu akauliza kama kweli ni nyegere. Nikaapa. Akauliza aliyemwinda ni nani. Nikasema ni mimi. Akaguna kwa heshima. Guno hilo likanipanda kichwani, nikaongeza kwamba ninao wengine wawili wazima kizimbani Port Victoria, dume na jike, na wanazaa.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mtu mzuri kumbe, Calvince. Nilikuwa namwonea.

Ijumaa, 7 Machi

Calvince ni nyoka! Ni fisi! Ni nyegere!

Saa tisa hivi benchi lilikuwa limejaa wazee wa kanisa. Mzee Ooko kitini, shavu la kulia nimemaliza, la kushoto povu tupu. Akaingia mama mwenye sare ya kijani na buti. Akajitambulisha: Afisa Nabututu, wa wanyamapori. Amepata habari ya viungo vya mnyama wa porini vinavyotumika hapa. Na wanyama wawili wazima wanaofugwa bila kibali.

Upande wa pili wa barabara, Calvince alikuwa amehamishia kiti chake mlangoni. Anakula njugu.

Nikamvuta afisa pembeni, nikamnong'oneza kwamba hakuna nyegere, ni maneno ya biashara tu, sijawahi hata kuwinda panya.

"Basi hizi ni nywele za nini?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na tembo.

Nikasema amuulize Mama Awuor wa Kibuye.

Akachukua brashi. Akakamua povu, akaipeleka dirishani, akatenganisha nywele kwa kidole. Akasema baba yake alifuga mifugo fulani huko Busia, na yeye ndiye aliyekuwa akiisugua. Nywele zake hupasuka nchani hivi, angalia. Nikamsihi kwa macho asimalize.

"Huyu ni nguruwe, Bwana Wandera. Nguruwe kabisa."

Ng'ambo, Calvince akaacha kutafuna njugu.

Mzee Ooko akainuka na shuka langu shingoni. "Nicodemus. Umenipaka nguruwe? Mimi? Na jua linaelekea kutua?"

Nikasema ni nguruwe aliyechemshwa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Wazee wote waliondoka kwenda kutafuta maji ya kunawa. Afisa alinionya vikali, akaniachia brashi, akasema si kazi yake kulinda nguruwe. Mlangoni akageuka akanishauri kwamba povu ni zuri, ningesema ukweli tu.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna mtu. Nasike ameleta karai.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi sana nikasikia hodi. Mzee Ooko! Peke yake, kofia imevutwa mpaka puani. Shavu moja laini, lingine msitu. Alikwenda kwenye ibada ya Sabato hivyo hivyo, akakaa upande wa ukuta.

Aliketi bila kualikwa. Akasema amenisamehe, ingawa ilimchukua mahubiri mawili. Akasema lile shavu la kulia amelishika usiku kucha, hajawahi kunyolewa hivyo maishani. Anataka la kushoto pia. Nimpake povu kwa mkono wangu, brashi asiione. Na wazee wengine watarudi, yeye mwenyewe atawaambia.

"Kitu kimoja tu, kijana wangu. Usinidanganye tena."

Nasike alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya viazi. Aliiweka chini. Niliona uso wake umelainika, naapa.

Mkono wangu tu! Lakini nilikuwa nimejiandaa. Jana nilinunua brashi mpya. Nikaitoa kwa madaha. Nikamwambia Mzee asiwe na wasiwasi, hii ni ya manyoya ya mwanakondoo dume wa mwaka mmoja, asiye na waa.

Mzee Ooko aliichukua brashi, akaigeuza. Kibandiko cha duka la rangi kilikuwa bado kwenye mpini. Kimeandikwa: ukuta na mageti.

Akavaa kofia yake. Akavuka barabara kwa Calvince bila kutazama mawingu hata kidogo.

Nasike akaokota ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Chipsi zinauzwa. Zinauzwa sana, siwezi kukana. Mimi namenya viazi nyuma ya pazia, kwa sababu Nasike anasema uso wangu unafukuza watu.

Lakini akili haijalala. Leo nimesikiliza foleni. Ni wanawake tu, na wanaongea nini? Nyusi. Nani amechonga, nani ameharibiwa. Nimeangalia video. Ni uzi tu! Unaushika kwa meno, unaukunja, unavuta. Na hesabu yake ni tamu: mteja mmoja, nyusi mbili.

Nitaita Nyusi za Malkia. Nitasema nilisomea India.

Tatizo ni mazoezi tu. Ila Nakhumicha, dada yake Nasike, amekuja kutoka Port Victoria kutusaidia, na sasa hivi amesinzia kwenye kile kiti changu cha zamani. Mdomo wazi. Nyusi zake nene, hazijaguswa tangu azaliwe. Ijumaa anavishwa pete ya uchumba.

Uzi ninao mfukoni. Atafurahi.