Usawa Ulionifikia Hadi Mimi

Ephantus Waweru,
Mwenyekiti Mwanzilishi, Tawi la Riruta,
Kando ya Naivasha Road, Nairobi.

Kwa Bi. Nzembi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Uteuzi,
Chama cha Usawa Kamili,
Orofa ya Nne, katikati ya jiji.

Ndugu Mwenyekiti na mwenzangu katika usawa,

MINTARAFU: KUZIDISHWA KWA USAWA KATIKA MCHUJO WA MWAKILISHI WADI

Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto na haya nitakayoyaeleza.

Kwanza nijitambulishe, maana siku hizi chamani mwetu hakuna anayejulikana kuliko mwenzake. Mimi ni karani mstaafu, mwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya kupangisha hapa Riruta. Tawi letu lilizaliwa sebuleni mwangu miaka mitatu iliyopita, juu ya viti vyangu, na nilichaguliwa mwenyekiti bila kupingwa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Tangu siku hiyo nimehubiri usawa kila Jumapili baada ya ibada, hata kwa watu walioonekana wazi kuwa na haraka ya kwenda kula. Naupenda usawa, Bi. Mwenyekiti. Ninachopinga ni kuuanza kabla mimi sijakaa vizuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "wote". Mwezi wa pili ofisi yako ilinitumia tangazo kwamba tiketi ya kugombea uwakilishi wadi iko wazi kwa wanachama wote. Nililibandika kwenye lango langu kwa mikono yangu mwenyewe, nikijua kuwa "wote" ni neno la adabu tu, kama mtu anavyosema "karibu chakula" huku akifunika sufuria. Asubuhi iliyofuata akanigongea Philister. Huyu ni mpangaji wangu wa chumba namba saba, mama wa watoto wawili aliyetoka upande wa Siaya, na kazi yake ni kufua nguo katika nyumba za watu kule Mountain View. Akaniuliza, "Baba Kui, hii tangazo ni ya ukweli ama ni ya ukuta tu?"

Mwenyekiti wa tawi angejibu nini? Nikasema ni ya ukweli. Akaniomba kalamu. Akajaza fomu ya kunipinga kwa kalamu yangu, karatasi ameiegemeza kwenye lango langu, kisha akanirudishia na kusema asante. Angalau angeondoka nayo, ningekuwa na kosa la kumshtakia.

Siku tatu baadaye akajitokeza wa pili, Lenox Obuya, fundi wa viatu pale Dagoretti Corner, ambaye hutembea kwa kiti cha magurudumu. Nikawauliza wanachama: je, hakuna mtu wa kawaida anayetaka kugombea? Wakaniambia hao ndio watu wa kawaida.

2. Kushushwa. Siku ya mahojiano lifti ya jengo lenu ilikuwa imekufa. Nilizipanda ngazi zote na goti langu, nikafika wa kwanza, nikachagua kiti cha mbele. Ndipo ikaja habari kwamba Lenox yuko chini. Nilitoa pendekezo la busara, na utakumbuka: aandike majibu yake kwenye karatasi, nami niko tayari kumsomea mbele ya Bodi. Wewe ulifunga faili lako, ukasimama, ukasema, "Basi twende aliko."

Tukashuka sote. Mahojiano yakafanyika kwenye ujia wa chini, kati ya duka la simu na kibanda cha chipsi. Nilipokuwa nikifafanua sera yangu ya maji, mtu alinigusa bega akaniuliza kama mimi ndiye niliyeagiza soseji. Lenox alijibu maswali yake ametulia kama yuko kwao. Sasa mimi nauliza: mtu aliyepanda orofa nne anawekwaje sawa na mtu ambaye hakupanda hata moja?

3. Siku ya Kubadilishana. Hii ndiyo hasa iliyonikosesha usingizi. Bodi yako iliamuru kila mgombea afanye kazi ya mgombea mwenzake siku nzima, kwa kuokota karatasi kwenye kofia. Lenox aliokota kazi yangu. Philister aliokota kazi ya Lenox. Mimi niliokota karatasi iliyoandikwa "Kufua, Mountain View", nikaomba kurudia, nikakataliwa.

Kuhusu Lenox nitasema kwa kifupi. Alifika kwenye ploti yangu Jumatano, akainuliwa kuvushwa kizingiti na Tobias, mtunza ploti wangu, kisha akauliza kwa nini maji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa pekee. Tobias akamweleza kwamba ndivyo ilivyo. Lenox akasema, "Si ufungue tuone itafanya nini." Wakafungua. Maji yakatoka mpaka jioni na tanki halikuisha. Siri niliyoitunza kwa miaka tisa ilijulikana kwa wapangaji wote kabla nguo hazijakauka kambani.

Philister naye alikaa Dagoretti Corner akawaambia wateja wazi kwamba hajui kushona kiatu. Akawapaka rangi viatu vyao na kuwauliza habari za mitaa yao. Jioni alikuwa na wanachama wapya arobaini. Mimi kwa miaka mitatu nimepata kumi na sita, mmoja wao akiwa Muthoni, mke wangu.

Nami nilikwenda Mountain View. Mwenye nyumba, msichana wa umri wa binti yangu Kui, alinitazama, akatazama nyuma yangu akimtafuta Philister, kisha akasema, "Ah, leo ni wewe." Hakuuliza jina. Nikaonyeshwa mashuka, suruali za jinzi na mapazia. Mashine ya kufulia ilikuwepo, lakini nikaambiwa hiyo ni ya nguo nzuri. Nikafua nimeinama mpaka mgongo ukasahau ulikotoka.

Saa nne akaniletea chai. Rafu yake ilikuwa imejaa vikombe, nilivihesabu, kumi na vinane. Hakugusa hata kimoja. Aliinama chini ya sinki, akatoa kikombe cha plastiki cha samawati kilichovunjika ukingo, kilichokuwa kikikaa kati ya chupa ya jiki ya kutoa madoa na stilwulu ya kusugulia sufuria. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi nina ploti. Akanijibu kwa upole vilevile, "Ni sawa mzee. Ukimaliza uirudishe tu hapo chini."

Niliinywa. Nilikuwa na kiu. Kisha nikaosha kile kikombe na kukirudisha chini ya sinki, na mpaka leo sielewi kwa nini nilikirudisha.

4. Mdahalo. Jumamosi mchana tukakutana katika ukumbi wa kanisa, watu wamejaa hadi dirishani. Nilijua nitashinda kwa sababu nilikuwa na kisa. Nilisimama nikawasimulia kile kikombe, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ambayo haijasikika Riruta tangu niache kwaya. Nikapiga meza: "Mimi! Mimi Ephantus Waweru, kuwekewa kikombe chini ya sinki!" Nikanyamaza ili wapige makofi.

Hawakupiga. Mama mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono akauliza, "Na Philister amekuwa akitumia gani?"

Bi. Mwenyekiti, swali hilo halikuwa kwenye orodha ya maswali yaliyoidhinishwa. Nilisimama pale nikitafuta jibu kwenye karatasi zangu. Nilikaa na kikombe kile siku moja nikataka taifa lisimame. Yeye amekaa nacho miaka minne, akirudi nyumbani ananisalimia langoni, nami namkumbusha asimwage maji.

Mama yule hakungoja nipate ukurasa. Akamgeukia Philister: "Na huyu landilodi wako, yeye anakuwekea kikombe gani?" Philister akafikiri kidogo. Akasema, "Baba Kui hana shida. Hajawahi niwekea kikombe kando. Hajawahi nipea chai."

Ukumbi ulicheka mpaka pasta akacheka. Nataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba Philister hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwa bahati mbaya. Afadhali angecheka. Malalamiko yangu hapa ni kwamba mgombea alitumia ukweli ndani ya mdahalo bila kutoa notisi.

5. Matokeo ya wadi nzima. Philister kura tisini na saba. Lenox sabini na moja. Ephantus Waweru, Mwenyekiti Mwanzilishi, sifuri.

Sifuri ni ushahidi kamili wa wizi. Hata mgombea mbaya kuliko wote hupata kura ya mkewe na kura yake mwenyewe. Nilimuuliza Muthoni, akaendelea kumenya viazi. "Kura yangu ni siri, Baba Kui," akasema. "Yako je?"

Kuhusu kura yangu mwenyewe, nilikuwa peke yangu nyuma ya pazia, na karatasi ilikuwa na picha tatu. Sitaki kueleza zaidi. Ni siri, na Katiba inailinda.

Kwa kuyazingatia hayo, naiomba Bodi kwa heshima: mchujo urudiwe, neno "wote" lifafanuliwe kuwa "wote, isipokuwa pale busara inapohitajika", na usawa utolewe kwa awamu, kuanzia kwa wale wasio na cha kupoteza, kwa kuwa hao hautawashtua. Sisi waanzilishi tutangoja. Tumezoea kuungoja, na hatujawahi kuumwa. Ikiwa ni lazima tupewe sasa, basi tupewe usawa mkubwa kidogo kuliko wa wengine, kama shukrani.

Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, bila kumtanguliza yeyote. Msalimie bawabu wa jengo, na fundi wa lifti kama amepatikana. Mwambie yule aliyeagiza soseji kwamba sikuzila. Muthoni anakusalimu, na Kui pia, na Tobias, na wapangaji wa vyumba vyote kumi na viwili, ambao leo ni Alhamisi na wanaoga.

Nabaki kuwa wako sawasawa,

Ephantus Waweru
(Mhuri wa tawi umepigwa)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha Philister alipobisha. Alikuwa na fomu za kupeleka kwa tume ya uchaguzi, kurasa kumi na nne. Hakuzunguka. "Baba Kui, sijakuja kukubembeleza. Lakini hii Riruta yote hakuna mtu anajua fomu kama wewe. Nataka uwe wakala wangu mkuu. Ukikataa nitaelewa, ni vile tu hii page ya tisa itanimaliza." Nikautazama ukurasa wa tisa. Ni kweli, ungemmaliza. Alikuwa ameandika jina la wadi mahali pa jina la baba. Nilikataa kwa muda uliomtosha Muthoni kuniletea miwani. Tumeketi na fomu hizo tangu saa nane, na Lenox amepigiwa simu aje, kwa kuwa tutahitaji kura zake sabini na moja. Tobias anavunja kizingiti cha lango ili aingie.

Barua hii naituma hivyo hivyo, maana nimeinakili mara mbili kwa mwandiko safi na mhuri haufutiki. Lakini kwa cheo changu kipya sina budi kuionya Bodi yako rasmi: tumepata habari kwamba kuna mzee fulani mwenye uchungu anayeandika kupinga ushindi wa mgombea wetu. Mtu huyo asisikilizwe. Barua yake, hasa ikiwa ni ndefu na ina nambari, itupwe kabla haijasomwa.