Wati Elfu za Bwana Fanwell

Siku Mungu alipokuwa akigawa vipaji, Guylain alipewa masikio mema na ulimi laini, na zamu ya aibu ilipofika inaonekana alikuwa ametoka kidogo. Ndiyo maana asubuhi ile ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba, akisukuma baiskeli ya kukodi yenye masanduku mawili ya katoni katikati ya soko la Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, ni masikio yaliyomsimamisha. Wapita njia wengine walisikia muziki. Guylain alisikia mtu anayeomba kuibiwa.

Sauti ilitoka katika chumba chenye kibao kipya: MWERU MODERN BUREAU, BARUA NA MAOMBI YA KAZI, MKURUGENZI F. CHALWE. Ndani ilikaa kompyuta moja, rangi ya maziwa yaliyolala, na pembeni mwake spika mbili zenye ukubwa wa vikombe vya chai. Muziki ulitoka humo kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo la majarini. Mkurugenzi, Bwana Fanwell Chalwe, alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa, anajilazimisha kufurahi.

"Pole, patron," Guylain akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeingia matangani. "Walikufa lini?"

"Nani?"

"Ile spika."

Lazima tuseme neno juu ya masanduku yale mawili, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Kwa nje yalifanana kama mapacha. La kwanza lilikuwa na spika za kweli, mbili ndefu na sanduku la mbao la besi, alizonunua Lubumbashi kwa muzungu mmoja aliyekuwa akihama na begi moja tu. Zilikuwa spika nzuri sana. La pili lilikuwa na mawe. Guylain aliyaokota mwenyewe ufukoni Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, akayafunga kwa matambara yasigongane, akayapima kwenye mizani ya samaki mpaka uzito ukawa sawa na ule wa spika. La kwanza lilikuwa chambo, la pili ndilo lililouzwa. Mawe yalikwisha kuuzwa Mansa, Mwense na Kawambwa. Yakiisha, ufuko wa Kilwa haukuwa na upungufu. Chambo hakikuuzwa kamwe. Hata nchi yake ilikuwa imebadilisha jina mwezi wa tano, na bendera pamoja nalo, lakini Guylain hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu.

Safari hii, hata hivyo, moyo wake ulikuwa mashakani. Kule Kilwa kulikuwa na Arlène, na Arlène alikuwa na baba, Papa Florent, aliyesema mahari ifike Jumamosi au isifike kabisa. Arlène mwenyewe alikuwa ameongeza lake: "Mi sitaki mutu wa maneno, Guylain. Niko nataka mutu wa kazi." Leo ilikuwa Alhamisi. Alihitaji magunia mawili ya chisense, wale dagaa wa ziwa wanaokaushwa juani na kununuliwa Lubumbashi kama dhahabu. Na alihitaji kurudi na chambo chake, maana mutu wa kazi bila chombo cha kazi ataanzaje ndoa?

"Mimi nimesoma habari za spika," Bwana Fanwell akasema, akinyoosha tai. Alikuwa amesoma nusu ya gazeti lililofungiwa sabuni. "Nataka nzuri kupita hizi. Lakini sisi ni watu wa katikati, bwana. Si wa takataka, si wa anasa ya Lusaka."

"Patron, umesema kama professeur! Katika dunia kuko spika za namna tatu. Kuko za rahisi, zinakuaibisha. Kuko za bei kali, zinakufilisisha. Na kuko zako." Akapiga sanduku kofi la upole. "Hizi."

Akazitoa. Bwana Fanwell alisogea, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kibandiko kinachong'aa: WATI 1000. Kiwanda kiliandika mia moja. Sufuri ya tatu Guylain aliichangia mwenyewe, bila malipo.

"Elfu moja," Bwana Fanwell akanong'ona.

"Elfu, patron. Zile za posta ya Mansa ziko mia mbili tu."

Kwamba posta ya Mansa haikuwa na spika hata moja, hilo lilikuwa jambo dogo. Bwana Fanwell alikwisha kuwaona wateja wakitoka Kafutuma hadi Mununga kuja kupigiwa barua zao chini ya wati elfu. Guylain akachomeka waya na kuinua sauti, na chumba kikajaa besi. Vikombe vikacheza juu ya kabati. Mkurugenzi naye akacheza, kwa heshima, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Hapo ndipo mlango ulipotiwa giza na dada yake mkubwa, Mable, mikono imejaa magamba. Mable ndiye aliyenunua kompyuta. Mable ndiye aliyekuwa na magunia. Kwa miaka ishirini alikuwa akivuka kwenda kisiwani Chisenga kununua samaki kwa wavuvi, na kwa miezi minne alikuwa akimlisha mkurugenzi, ambaye tangu afungue ofisi hakuwa amepata hata hela ya chumvi.

"Mwashibukeni, mama," Guylain akamsalimu, akitumia Kibemba chote alichokuwa nacho.

"Eya mukwai. Punguza."

"Mama, hizi ni za kusikia kwa nguvu..."

"Kelele hata pampu iko nayo. Punguza, mwaiche wangu, mudogo wangu." Akatoa kaseti kwenye fundo la chitenge. "Chomeka waya kwa redio ya kaseti, ile juu ya kabati. Hii ni kwaya yetu. Mi najua sauti ya kila mama humu."

Guylain akachomeka. Mable akasikiliza amesimama, kichwa pembeni. Akaomba ipunguzwe tena, na tena, mpaka kwaya ikawa kama inaimba nyumba ya tatu.

"Emilienne ule. Namusikia maneno yote. Sasa zima kaseti, spika uziache na moto wa umeme."

Kimya. Akaweka sikio kwenye sanduku la besi, akasubiri.

"Hainungunike," akasema. "Zile ndogo, hata zikinyamaza zinalia mmm kama mutu wa homa. Hii ni nzuri. Nzuri kweli." Akaipapasa katoni tupu kwa mikono yake ya magamba, juu, pembeni, chini kwenye mkunjo, jinsi mama anavyopapasa mgongo wa mtoto. Guylain aliona mapenzi tu. "Bei?"

"Gunia ine za chisense, mama."

"Moja na nusu."

"Basi mbili, juu ni wewe."

Alitelemka kutoka nne hadi mbili kwa pumzi moja. Mtu anayeuza mawe ana sababu gani ya kukaza bei? Bwana Fanwell alimkonyeza dada yake kwamba wamempata mjinga wa Kongo. Mable hakukonyeza. Alimtazama Guylain kama anavyotazamwa samaki mwenye jicho linalong'aa kupita kiasi, kisha akasema, "Haya, mbili," akaenda nje kuita mkokoteni.

Kazi sasa ikawa ya miguu. Guylain alirudisha spika katika katoni yake, akaibandika gundi ya karatasi, akaiweka chini ya meza kando ya pacha wake, aliyekwisha kuingizwa kutoka kwenye baiskeli. Akatoa karatasi ya dhamana.

"Patron, garantie. Miaka tano. Hapa unatia signature."

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba Bwana Fanwell sahihi ya maana. Alijaribu kalamu kwenye gazeti. Akakunja mkono wa shati. Wakati mkia wa herufi ya mwisho ukizunguka karatasi kama mto Luapula unaotafuta ziwa, chini ya meza mguu wa kulia wa Guylain ulikuwa ukisukuma na wa kushoto ukivuta. Mapacha wakabadilishana nafasi. Guylain akapiga muhuri. Ulikuwa muhuri mzuri, wa wino wa zambarau, wa Jamhuri ya Zaïre, nchi ambayo kwa wakati huo haikuweza kupatikana hata kwa kuulizia.

"Sasa, patron, usifungue mbele ya kesho. Spika zimevuka maji, zimechoka. Ukiziwasha mara mbili siku moja, besi inakufa. Uziache zilale."

"Zilale," Bwana Fanwell akakubali, akiisogeza katoni ya mawe karibu na kiti chake na kuifunika kwa koti.

Guylain alikuwa amekwisha kushika baiskeli Mable aliporudi.

"Unaenda wapi na tumbo kavu? Tumeuziana. Huku kwetu mutu haondoki hivyo, ni kama kutusi. Ubwali uko tayari. Sanduku lako uache hapa, Fanwell ataliangalia."

"Mama, mutumbwi utaniacha..."

"Mutumbwi wa Carlos? Carlos yuko anakula kwa jirani. Ingia."

Kwa hiyo wakala nyuma ya nyumba, ubwali, yaani ugali, na samaki wa kuchoma kwa mchuzi, na Bwana Fanwell, aliyepaswa kuangalia masanduku, akafuata harufu na kukaa nao. Walipoanza tu Mable akaonja mchuzi, akakunja uso, akasema hauna chumvi, akaingia ndani. Chumvi ile ilikuwa mbali. Guylain alimaliza samaki wa kwanza. Alieleza jinsi waziri mmoja alivyomlilia ampatie spika. Alimaliza samaki wa pili. Mable akarudi na chumvi kwenye kisahani, anahema kidogo, mchuzi umekwisha.

"Pole," akasema. "Nilisahau niliiweka wapi."

Wema wake haukuishia hapo. Alimsindikiza hadi ufukoni, magunia yakitangulia kwenye mkokoteni, na sanduku la Guylain akalibeba yeye mwenyewe kichwani, ingawa Guylain alipinga mara mbili kwa maneno na hata mara moja kwa mikono.

"Wewe ni mugeni," Mable akasema akitembea wima. "Unajua, mwaiche, kule Chisenga mvuvi anakuonyesha kitunga cha samaki wazuri. Munapatana. Unageuka kidogo kufungua chitenge, yeye anasukuma kingine, cha samaki waliooza."

"Watu wabaya!" Guylain akasema kwa uchungu wa kweli.

"Hapana, wanasahau tu. Kwa hiyo sisi wamama, kitunga tukikichagua, tunachomeka kitu kidogo chini. Unyasi. Chisense moja. Ili tumukumbushe."

"Akili, mama. Akili sana. Na munajuaje ni mvuvi gani wa kumuwekea?"

"Yule anayekubali bei haraka." Akalishusha sanduku ndani ya mtumbwi, taratibu, kama yai. "Samaki wake akiwa muzuri, mutu anapigana."

Guylain alicheka. Alicheka mpaka Carlos alipowasha mashine na ufuko ukaanza kurudi nyuma. Alikaa juu ya sanduku lake, magunia mawili mbele, upepo shingoni, akamwona Arlène katika kitambaa kipya. Hatua mia moja na hamsini kutoka nchi kavu alikuwa bado anacheka.

Ndipo muziki ukaja.

Ulitoka upande wa soko, juu ya maji, mpana na safi. Ilikuwa kwaya ya akina mama, na besi chini yao kama ardhi iliyo imara. Guylain alimsikia Emilienne, maneno yote. Masikio yake, yale mema, hayakuwa na shaka hata kidogo. Kando ya ziwa lote la Mweru kulikuwa na spika za namna ile jozi moja tu, na alikuwa ameikalia.

Polepole akainuka, akachana gundi. Akaondoa tambara. Jiwe la kwanza lilikuwa jekundu, lenye mstari mweupe. Alilikumbuka vizuri. Alikuwa amelipenda.

"Geuza!" akapiga kelele. "Carlos, geuza mutumbwi! Wameniibia!"

"Wameiba nini?"

Guylain akafungua kinywa. Alijaribu kulipanga neno moja la kumwambia polisi wa Kashikishi: kwamba amewauzia watu mawe na watu wale, bila haya, wakayakataa. Kwamba walichukua kilekile walichoonyeshwa, kwa bei ileile waliyopatana, na wana garantie ya miaka mitano yenye sahihi na muhuri. Ulimi wake laini ukalikuta neno moja tu.

"Hapana," akasema. "Endelea."

Akakimbilia magunia. Akafungua la kwanza, akazamisha mkono hadi kwapa, akitafuta mchanga, akitafuta majani, akiomba Mungu akute hata konokono. Chisense. Akafungua la pili. Chisense tupu, kavu, safi, weupe kama fedha mpaka chini. Yule mwanamke alikuwa amelipa magunia mawili kamili kwa kitu chenye thamani ya magunia matano, kama walivyokubaliana, na hakumpunja hata samaki mmoja. Guylain alikuwa amefanya biashara ya haki.

"Magunia mazuri," Carlos akasema. "Ya mahari ile? Papa Florent atauliza unafanya kazi gani, ujue."

"Commerçant, mufanyabiashara," Guylain akajibu, kama alivyojibu siku zote. Kisha akayatazama magunia, maana safari hii neno lilikuwa la kweli, na lilikwaruza.

Wimbi likapiga ubavu, maji yakaingia. Carlos akatazama mzigo.

"Tuko wazito. Ile sanduku iko na nini ndani?"

Guylain akalichukua lile jiwe jekundu, akalipima mkononi. Kule nyuma akina mama walikuwa wamefika kiitikio, na hata kwa umbali ule, lazima akubali, sauti ilikuwa haina doa.

"Wati elfu," akasema, akalitupa ziwani.